Ricardo, Hofstede na doti ya kanga: utamaduni uingie wapi kwenye hesabu?

Mwaka_wa_Tatu:
Wakuu, naomba msaada. Nina kazi ya darasani kuhusu kanga zinazochapwa India na kuuzwa Dar na Mombasa. Nimeanza na faida linganishi ya mchumi Ricardo (kila nchi iuze kile ambacho, ukilinganisha na bidhaa zake nyingine, kinaigharimu kidogo), nikamalizia na vipimo vya Hofstede, vinavyoupa utamaduni wa kila nchi alama. Mwalimu kaandika pembeni: "Utamaduni umeubandika tu." Niuingize wapi?

Mizani:
Kwanza hakikisha Ricardo umemweka sawa, maana wengi hukosea hapo. Mfano wake wa 1817: Uingereza kitambaa kinataka kazi ya watu 100 kwa mwaka, mvinyo 120. Ureno mvinyo 80, kitambaa 90. Mwanafunzi akiona Ureno ni nafuu kotekote, anaandika kwamba haina sababu ya kununua nje. Kosa. Usilinganishe 80 na 120. Gawanya ndani ya nchi ileile. Ureno, mvinyo mmoja unaigharimu 80/90, yaani kitambaa 0.89. Uingereza ni 120/100, kitambaa 1.2. Bei yoyote kati ya hizo mbili inawafaa wote. Wakibadilishana mvinyo mmoja kwa kitambaa kimoja, Uingereza inaokoa kazi ya watu 20 na Ureno 10.

Sasa angalia alichokichukulia kuwa kimekwisha kujulikana: kwamba kitambaa ni kitambaa, kikitoka huku au kule. Utamaduni unaingia hapo, kabla hujagawanya chochote. Mnunuzi ndiye anayeamua kizio, yaani kitu kimoja kinachohesabiwa, ni kipi.

Pindo_na_Mji:
Mizani kasema. Na kwa kanga kizio si mita, ni doti: vipande viwili vinavyofanana, vimechapwa kwa kufuatana, mnunuzi anavikata na kuvipinda mwenyewe. Kila kipande kina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Kitenge unaweza kukata mita tatu na nusu ukaenda zako. Kanga ukiikata hivyo umeua pindo, na huna tena kanga, una kitambaa chenye maua.

Jina ndilo linalotia watu hasara. Mchapaji asiyejua Kiswahili hawezi kuona herufi iliyoruka, na kosa linajirudia kwenye mzigo mzima. Pamba, rangi na upana viko sawa, gharama ya kiwandani ni ileile, lakini mwenye duka anapunguza bei au mzigo unalala. Kwa hiyo jina huhakikiwa na msomaji wa Kiswahili kwenye sampuli, kabla mashine haijaanza. Kisutu ni habari nyingine: nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya bi harusi wa pwani. Huwezi kubadilisha rangi eti kijani imebaki stoo.

Mwaka_wa_Tatu:
Asanteni sana. Vipi nadharia ya Linder (1961), kwamba nchi huuza nje kile ambacho soko la nyumbani limeshakizoea?

Pindo_na_Mji:
Kwa kanga inagoma. India kwenyewe kanga haivaliwi, na Japani iliyowahi kuzichapa kwa wingi hali kadhalika. Ladha ya soko ilifika kiwandani kupitia wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliokuwa Mombasa na Zanzibar. Andika hivyo: hao ndio waliobeba taarifa.

Na usidhani ni mambo ya leo. Msafiri Stanley alipofunga mizigo Zanzibar mwaka 1871 kwenda bara ilibidi aulize shanga ipi inapokelewa wapi. Nyeusi, zilizoitwa bubu, zilipita Ugogo na kwingine hazikuwa na thamani. Zile za sungomaji zilitakiwa Ujiji, kwingine zikikataliwa. Ukikosea hesabu ya rangi, umebebesha wapagazi mzigo usionunua hata kibaba cha mtama.

Kipimo:
Naongezea upande wa Hofstede, maana nahisi mwalimu aliudhikia hapo. Takwimu zake za mwanzo ni za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, 1967 hadi 1973. Humo Afrika Mashariki ni kundi moja: Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zina alama zilezile. Ukizitumia kwenye kanuni ya Kogut na Singh (1988) ya kupima umbali wa kitamaduni kati ya nchi mbili, yaani tofauti ya alama kwa kila kipimo, ipigwe kipeo cha pili, igawanywe kwa varianzi (kiasi cha mtawanyiko wa alama) ya kipimo hicho, kisha uchukue wastani wa vipimo vyote vinne, umbali wa Kenya na Tanzania unatoka sifuri kamili. Hiyo sifuri umeitengeneza wewe kwa kunakili safu moja mara mbili. Na hakuna kipimo hata kimoja pale kinachokwambia jina gani linauzika msimu wa harusi.

Kwa kazi yako ningeifuta sehemu hiyo yote. Weka jedwali la Ricardo mara mbili: mara ya kwanza kizio kiwe mita ya pamba iliyochapwa, mara ya pili doti iliyohakikiwa jina, ukiongeza saa za msanii wa michoro, msomaji wa jina na sampuli zilizokataliwa. Tazama uwiano unahamia upande gani.

Mwaka_wa_Tatu:
Hapo kwenye sampuli zilizokataliwa, nizihesabu upande wa India au wa huku?

Kipimo:
Kwa anayezilipia. Soma mkataba wa oda.