Kikundi: «Wana wa Chumbageni»

Jumamosi, 3 Januari 2026

Dada Mwanaidi 19:02
Asalaam aleikum ndugu zangu. Safari ya wazee. Rehema ameshikiwa vitanda viwili kwenye treni ya usiku, Stockholm mpaka Abisko, kaskazini kabisa ya Sweden, Jumatatu tarehe 12. Mwisho wa kulipa kesho saa sita mchana. Laki saba kila mtu, hoteli humo humo. Nasubiri majina.

Dada Mwanaidi 19:03
Na sitaki vikaragosi. Majina.

Juma Maskati 19:20
👍

Dada Mwanaidi 19:20
Juma!

Juma Maskati 19:21
Dada, hilo ni dole. Hata benki wanalikubali.

Dada Mwanaidi 19:24
@Hami @Kassimu tiki za buluu naziona.

Rehema 19:31
Wa aleikum salaam. Viza yao ni ya siku 90, inaisha tarehe 26 mwezi huu huu. Tarehe 12 ikitupita basi tena. Wako hapa Göteborg tangu Oktoba na kazi yao kubwa ni kuangalia mvua dirishani. Baba ratiba ya basi la hapa nje anaijua kuliko dereva.

Dada Mwanaidi 19:33
Na mwezi huu wanatimiza miaka 45 ya ndoa. Wasiambiwe, nataka tuwashtukize.

Juma Maskati 19:34
Dada, Baba yumo humu.

Juma Maskati 19:34
Tangu 2019. Ulimwingiza wewe mwenyewe.

Dada Mwanaidi 19:35
Baba hasomi, anaangalia picha tu.

Baba 19:36
Nasoma

Juma Maskati 19:36
😂😂😂 nimeanguka kitini

Ba'mdogo Athumani 19:44
Salaam wanangu. Huko juu kuna nini hasa cha kumtoa mtu mzima kitandani?

Rehema 19:52
Shikamoo Ba'mdogo. Ni zile taa za angani. Vijichembe kutoka juani vinagonga hewa ya juu, kilomita 100 na zaidi, hewa inawaka kijani, mara moja moja nyekundu. Abisko imejificha nyuma ya milima inayozuia mawingu, ndiyo maana watu wanaikimbilia. Ila sidanganyi mtu: usiku mwingine unasimama nje saa mbili nzima unaambulia mafua. Na mara nyingi kamera ya simu inaona rangi kuliko jicho.
Halafu kuna Kiruna, mji wa njiani. Mgodi wa chuma umeula mji kwa chini, sasa mji unahamishwa. Agosti iliyopita walilibeba kanisa la mbao la 1912 zima zima juu ya magari, kilomita 5, siku mbili. Hawakulivunja vipande.

Juma Maskati 19:54
Na ile hoteli ya barafu? Mzee alazwe pale kama kolekole wa soko la samaki la Deep Sea 🐟

Rehema 19:55
Iko Jukkasjärvi, jirani tu na Kiruna. Kila mwaka wanaijenga upya kwa barafu ya mto. Vyumbani ni nyuzi 5 chini ya sifuri, unalalia ngozi ya paa wa huko. Wataiangalia kwa nje. Kulala ni hoteli ya kawaida, ina joto.

Dada Mwanaidi 19:56
Juma tunazungumza pesa.

Ba'mdogo Athumani 20:01
Swala je? Nasikia jua halitoki.

Rehema 20:06
Lilirudi Kiruna mwanzoni mwa mwezi. Wiki hiyo watakayokuwepo linachomoza saa nne na kitu asubuhi, na kwenye saa saba na nusu mchana limeshazama. Ukimaliza chakula cha mchana magharibi imeingia.

Ba'mdogo Athumani 20:09
Wao wasafiri, wapunguze na wakusanye, hakuna tabu. Na wavae khofu za ngozi, wapake maji juu yake siku tatu. Wasiivue miguu kwenye baridi hiyo.

Juma Maskati 20:10
Futari saa saba na nusu mchana. Ramadhani ijayo niandikieni huko.

Dada Mwanaidi 20:11
Ramadhani ni ya Februari, jua litakuwa limerefuka. Kaa huko huko Maskati.

Rehema 20:15
Nguo: nimeazima makoti mawili kwa jirani. Ndani ni sufu, fulana za pamba waziache, zikilowa jasho hazikauki mwilini. Mama ana ile chupa yake ya mafuta ya nazi. Imeganda tangu Novemba, kila asubuhi anaichokonoa kwa mpini wa kijiko huku akiisema.

Baba 20:19
Treni ya chuma inapita hapo

Rehema 20:20
Ndiyo Baba, kutoka Kiruna kwenda bandari ya Narvik, Norwei. Inapita Abisko mchana na usiku. Mabehewa 68.

Baba 20:21
68

Baba 20:21
Vichwa vingapi

Rehema 20:22
Viwili vimeunganishwa, vya umeme. Treni nzima mita 750.

Baba 20:26
Sisi Tanga tulikuwa tunavuta ishirini tunapongezana

Dada Mwanaidi 20:28
Mmeona? Mzee wa reli ameshapanda. Mpaka sasa waliosema ni mimi na Rehema. Juma umetoa dole. Hami kimya. Kassimu kimya, kama 2014.

Kassimu 20:31
2014 imeingiaje hapa?

Dada Mwanaidi 20:31
Kumbe upo.

Dada Mwanaidi 20:32
Ile mashine ya boti inaendeleaje?

Kassimu 20:33
Dada tuheshimiane. Ile hela kila mtu alikubali itumike. Na wewe ulikubali.

Dada Mwanaidi 20:33
Nilikubali kwa miezi mitatu.

Juma Maskati 20:34
Jamani, treni ina mabehewa 68, tutapata la kukaa wote

Shangazi Pangani 20:40
🎤 Ujumbe wa sauti (2:10)

Juma Maskati 20:43
Niko kazini siwezi kufungua sauti. Shangazi kasemaje?

Rehema 20:50
Ba'mdogo mwandikie wewe. Mimi siwezi.

Ba'mdogo Athumani 20:58
Kasema hivi, siongezi wala sipunguzi: «Mjukuu amenisomea maneno yenu yote. Mke wa ndugu yangu alishachomwa sindano ya Hija. Nguo nyeupe zimeshonwa, majirani wameshamuaga na wengine wamempa majina ya wagonjwa wao awaombee. Ikavunjika. Akarudi jikoni akakuna nazi, hakumuuliza mtu hata neno. Zile nguo ziko kwangu, kwenye kasha, aliniletea mwenyewe. Leo mna pesa ya kumpeleka akatazame mwanga. Sikatazi. Nauliza tu, Makka ni tarehe ngapi?»

Dada Mwanaidi 21:27
Shikamoo Shangazi. Tumekusikia.

Shangazi Pangani 21:29
🎤 Ujumbe wa sauti (0:02)

Ba'mdogo Athumani 21:30
Marahaba.

Dada Mwanaidi 21:34
Naona tufanye hivi. Hii ya tarehe 12 iendelee kwa sababu ya viza. Umra tuipange mwaka huu, kila mwezi kila mtu elfu hamsini, nafungua orodha nyingine.

Juma Maskati 21:36
Orodha ya kwanza ina watu wawili na dole.

Kassimu 21:41
Ya Makka natoa mimi. Yote.

Dada Mwanaidi 21:42
Lini?

Kassimu 21:42
Nimesema natoa.

Dada Mwanaidi 21:43
Nimeuliza lini.

Baba 21:44
Basi

Rehema 21:52
Kule sebuleni Mama ameomba asomewe alichosema Shangazi. Baba amemsomea. Ameomba simu.

Baba 21:58
Mimi mama yenu. Hiyo treni ina choo

Rehema 21:59
Mama uko chumba cha pili, niulize tu 😅 Kipo. Kila behewa.

Baba 22:01
Na hilo koti la kuazima lina mfuko wa ndani. Mimi hela yangu siweki nje

Dada Mwanaidi 22:02
Mama shikamoo! Kwa hiyo tulipe?

Dada Mwanaidi 22:06
Mama?

Baba 22:11
Amenirudishia simu. Anaswali isha

Dada Mwanaidi 22:12
Alisema ndiyo au alisema hapana?

Baba 22:13
Aliuliza choo

Juma Maskati 22:20
Dada nimerusha laki tatu. Nyingine mshahara ukitoka tarehe 28.

Dada Mwanaidi 22:21
Tarehe 28 viza imeisha, Juma!

Rehema 22:25
Kesho asubuhi nitapiga simu niombe watuongezee mpaka jioni. Siahidi.

Jumapili, 4 Januari 2026

Hami Mombasa 06:48
Asalaam aleikum. Nimeamka nakuta jumbe chungu nzima na Shangazi katuma sauti mbili. Nani anaumwa?