Kabureta za Weber 40 IDA kwenye Porsche 911 ya zamani: inamisi chini

Wakuu, mzunguko wa juu injini inavuta vizuri, ila mzunguko wa chini inamisi na kurudisha moto kwenye kabureta. Plagi mpya. Ninunue kabureta nyingine?

Jibu: Usinunue kitu bado, mkuu. Hakikisha taimingi (wakati plagi zinapotoa cheche), kisha fungua zile jeti ndogo (vitundu vya kupitishia petroli) za mzunguko wa chini uzipulize. Chembe moja tu inaziba. Halafu pima hewa koo (tundu la hewa la kabureta) moja moja, zote 6 za kabureta mbili zivute sawa. Fundi anayesawazisha kwa sikio tu, mimi simwamini.

Jibu: Tikisa pia shafti za throtoli (vyuma vinavyozungusha vali za hewa). Zikicheza, hewa inapenya pembeni, kurekebisha kwa bisibisi hakutakusaidia.

Muulizaji: Shafti ya kabureta ya kushoto inacheza!

Jibu: Basi ikatiwe bushi mpya. Ukitafuta kabureta ya mtumba, iwe IDA 3C, yenye koo 3. Ya koo 2 haikai hapo.