Chokaa inachujuka, sakafu inapasuka: usafi wa nyumba ya udongo kabla ya Ramadhani

Binti Ujiji: Assalaam aleikum. Mwezi mtukufu unakaribia, vyombo vinatolewa nje. Chokaa ya ukutani inachujuka, ukiegemea tu nguo inageuka nyeupe. Sakafu nayo, ikisiribwa bila mavi ya ng'ombe inapasuka. Ikitiwa mavi, je, inafaa kuswali juu yake?

Fundi wa Gungu: Waaleikum salaam. Chokaa inachujuka kwa sababu ukuta ulikuwa mkavu na mchanganyiko mzito. Ukuta mkavu hunyonya maji yote kabla chokaa haijashika, unabaki unga mtupu. Kilo 5 za chokaa ya mfuko, kilo 1 ya chumvi iliyoyeyushwa, maji hadi iwe kama maziwa. Ilale usiku mzima, asubuhi ichujwe kwa kitambaa. Nyunyizia ukuta maji, paka mkono mwembamba, ukauke, rudia mara 2 au 3. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu, udongo unaonekana wote. Hapo ndipo watu huongeza unene, wakaharibu. Weupe huja inapokauka. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi, kisha nenda hospitali, maana inaunguza.

Ukhti wa Isevya: Kuhusu mavi ya ng'ombe: katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku tunafuata, ni najisi, wa madhehebu ya Maliki wanayahesabu safi. Kwa hiyo sakafu hiyo usisujudie moja kwa moja. Tandika mkeka safi juu yake ikiwa kavu, sala inasihi.

Ukitaka kuyaacha kabisa, tumia udongo wa kichuguu: ndoo 2, mchanga uliochekechwa ndoo 1, na nyasi kavu zilizokatwa fupi kama kidole. Nyasi ndizo zinazoshika kazi ya mavi. Jaribu kwanza pembeni, upana wa sinia: ikipasuka, ongeza mchanga, ikimomonyoka, ongeza kichuguu. Lowesha sakafu ya zamani, siriba nyembamba, funga madirisha ya upande wa jua. Ikikauka haraka itapasuka tu, hata uchanganye vizuri namna gani.

Mama wa Mwanga: Msisahau masizi! Chokaa juu ya masizi hutoa madoa ya njano. Anzeni darini, mteremke. Wanawake wa milima ya Pamir, kule Tajikistan, nao hutoa vitu vyote nje kabla ya Navruz, mwaka mpya wao wa Machi 21, wakafuta vumbi na masizi, kisha hupaka unga nguzoni na ukutani kuomba baraka. Nyumba yao ina nguzo 5, wanazinasibisha na Mtume Muhammad, Ali, Fatma, Hasan na Husein. Kufagia pale nako ni kama ibada.

Binti Ujiji: Na udi?

Mama wa Mwanga: Siku ya mwisho, sakafu ikishakauka kabisa. Makaa yawe mekundu bila moshi ndipo utie udi kwenye chetezo. Anza chumba cha ndani, malizia mlangoni.