Nagauji (nachimba na kuutoa) mshono wa zamani kwa kaboni, nikichomelea tena unapasuka. Nakosea wapi?

Moto_wa_Lugoba
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko huku Lugoba kwenye machimbo ya kokoto. Kazi zangu za kila siku ni mageti na matela, ila mwaka huu nimeanza kuitwa kwenye mitambo. Sasa kuna eskaveta ya tani 20, adapta za meno (vile vishikio vinavyobeba meno) kwenye mdomo wa baketi zimechoka. Fundi aliyenitangulia alikuwa anarundika mshono juu ya mshono mpaka pale pamekuwa kama kichuguu. Mwenye mtambo anataka adapta zote tano zing'olewe ziwekwe mpya.

Nilianza na grainda. Adapta moja tu ilinila siku nzima na diski nane za inchi 9, na usiku mikono ilikuwa inatetemeka nashindwa kushika kikombe cha chai. Jamaa mmoja akanihurumia, akaniazima tochi ya kaboni, ile ya kugauji kwa moto wa umeme na upepo, na pakiti ya fimbo za milimita 8, zile zilizovikwa shaba. Kwa kasi sina la kusema, adapta ya pili ilitoka kabla ya chakula cha mchana.

Shida ni mfereji ninaouacha. Unatoka na mabondemabonde, kingo zimejaa slagi (mabaki ya chuma kilichoyeyuka) iliyoganda kama nta ya mshumaa, na chini kuna madoa meusi. Moto wenyewe unakohoa, unakatika, fimbo inanata. Nikagonga slagi, nikapiga brashi, nikaweka adapta mpya na kuchomelea kwa fimbo za kawaida za kuchomelea, za 7018. Siku ya nne ufa huo hapo, katikati ya mshono, umenyooka kama umepigwa rula. Mwenye mtambo ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Vifaa: mashine ya kuchomelea ya inveta ya ampea 400 ya fezi tatu, nimeweka 280. Kompresa ni ile ya kujazia upepo matairi, hosipawa 2, geji inasoma bar 8. Kebo ya tochi nimeichomeka kwenye hasi. Natanguliza shukrani.

nyundo_kilo2
Ongeza ampea mkuu. 280 kwa fimbo ya 8 ni kuibembeleza. Weka 400 uone kama itakohoa.

Mzee_wa_Tupa
Nyundo ana haki nusu. Fimbo ya milimita 8 inataka ampea 350 mpaka 450 hivi, kwa hiyo 280 ni ndogo kweli. Lakini ukipandisha ampea bila kurekebisha mengine utayeyusha chuma kingi zaidi na hutakuwa na cha kukitoa pale. Kijana, kaboni haikati chuma. Moto wa kaboni unayeyusha, upepo ndio unaotoa. Ukishalielewa hilo utaona kosa lako kubwa lipo wapi.

Geji yako inasoma bar 8 tochi ikiwa imefungwa. Ifungue upepo utoke nusu dakika, halafu kaitazame tena. Nitashangaa ukiikuta hata kwenye 3. Tochi ya mkono ya fimbo kama hiyo inahitaji bar 5.5 hadi 7 wakati upepo unatoka, na kiasi cha lita 700 kwa dakika. Kompresa ya matairi ya hosipawa 2 inakupa lita 200 na kidogo. Chuma kinayeyuka, upepo umekwisha, kinaganda papo hapo kwenye kingo. Hiyo ndiyo nta yako ya mshumaa.

La pili, hamisha kebo. Kwa fimbo hizi za shaba kwenye mkondo mnyoofu (DC), ukigauji chuma cha kawaida, tochi inakaa chanya na ethi, ile kebo inayobanwa kwenye chuma, inakaa hasi. Ukigeuza, moto unakohoa hivyohivyo unavyosema.

La tatu ndilo lililopasua mshono wako. Yale madoa meusi ni kaboni. Fimbo ikigusa chuma, au upepo ukishindwa kufagia, kaboni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kubaki humo. Brashi haiitoi, maana haiko juu, imeshakuwa sehemu ya chuma. Ukichomelea juu yake inapanda kwenye mshono wako, mshono unakuwa mgumu na mkavu, unapasuka katikati. Chukua tupa kali, pitisha juu ya doa moja ambalo hujalichomelea. Kama tupa inateleza kama juu ya kioo, umepata jibu. Rudi utuambie.

Kijana_Spana
Kama tatizo ni upepo, si aunge mtungi wa oksijeni kwenye ile hozi ya hewa? Presha ipo ya kutosha, na chuma kitakatika chenyewe.

Mzee_wa_Tupa
HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, na sipendi. Tochi hiyo imetengenezewa hewa ya kawaida. Hozi ya kompresa ina mafuta ndani, oksijeni ikikutana na mafuta hupati hata muda wa kujutia. Mwenye uzi, mtu akikuletea mtungi wa oksijeni hapo kwa kazi hii, mrudishe na mtungi wake.

Kijana_Spana
Nimekuelewa mzee, samahani.

Moto_wa_Lugoba
Shikamoo mzee. Nimefanya zote mbili asubuhi hii. Geji: nimefungua upepo nikahesabu mpaka thelathini, imeshuka kutoka 8 hadi 2 na nusu, na mota inalia kama inakufa. Tupa: kwenye chuma cha pembeni inauma vizuri, unga unatoka. Nikifika kwenye doa inateleza kabisa, meno ya tupa ndiyo yaliyobaki yanang'aa. Nimekaa chini kwenye tofali nikaangalia adapta yangu nimecheka peke yangu. Sasa kompresa kubwa nitaitoa wapi huku porini?

MamaKokoto
Mwanangu, uko machimboni halafu unauliza kompresa kubwa iko wapi? Ile ya kutobolea mawe kabla ya baruti inafanya kazi gani? Mimi nina ya kuvutwa na gari, inatoa upepo kwa mashine mbili za kutoboa kwa pamoja, tochi yako haitaihisi hata kidogo. Mwombe mwenye mtambo akupe saa zile ambazo watoboaji wamepumzika. Ila kabla hujaunga, fungua koki ya chini umwage maji, halafu ipulize hozi bure mpaka itoke kavu. Zile hozi zinalala nje na tope.

Na mimi nina swali langu humohumo. Fundi wangu anataka kutumia hii kaboni kwenye baketi yangu, mdomo wenyewe ni chuma kigumu cha kuzuia kulika. Hautaharibika?

BahariKavu
Mama, mdomo hauharibiki kwa kaboni, unaharibika kwa haraka ya fundi. Chuma kigumu kikipata moto mkali kikiwa baridi kinapata nyufa ndogondogo ambazo huzioni kwa macho. Joto la kupasha kabla ya kuchomelea ndilo hilohilo la kupasha kabla ya kugauji. Adapta na midomo ya baketi kwa kawaida ni nyuzi 150 hadi 200, upashe eneo zima taratibu kwa tochi ya gesi, si kuunguza kona moja mpaka iwe nyekundu. Mwambie anunue chaki ya kupimia joto. Zile za kutema mate kwenye chuma tuwaachie wazee wetu.

Sasa kwa mwenye uzi. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni mabamba ya meli. Tunachomelea upande mmoja, tunageukia wa pili, tunachimba kwa kaboni mpaka tukutane na mshono safi, ndipo tunajaza. Nimeshika hiyo tochi miaka mingi, na ninachoweza kukwambia ni kwamba usiiangalie tu, isikilize. Ikienda sawa inatoa sauti moja ndefu, kama mtu anachana shuka jipya bila kusimama. Ikianza kukatakata, simama. Usiendelee kwa tumaini kwamba itajirekebisha, maana kila ikikohoa ndipo inapoacha lile doa.

Tazama kichwa cha tochi. Upande mmoja kina matundu ya hewa. Yale matundu lazima yawe chini ya fimbo, yaani kati ya fimbo na chuma unachochimba. Nimeona mafundi wazima wameyaelekeza juu, upepo unapuliza hewani huku wao wanalaumu kompresa. Fimbo itoke kwenye tochi sentimita 15, isizidi 18. Unailaza kama nyuzi 40, ncha inatangulia na mkono unafuata, yaani unasukuma. Hewa kwanza, ndipo uguse kuwasha moto, na ukishawaka usiibonyeze fimbo kwenye chuma kama unaandika na chaki. Iache ielee karibu.

Kina unakipata kwa mwendo. Ukienda polepole panachimbika sana, ukikaza mwendo panakuwa pafupi. Kama ni mshono mnene pitisha mara mbili tatu, maana mfereji mwembamba wenye kina kirefu nao ukiujaza unapasuka katikati hata kama hauna kaboni. Kwa fimbo ya 8 utapata upana wa milimita 11 hivi, ukitaka zaidi tembeza ncha huku na huku. Na ukimaliza, hata ukiona ni pasafi, grainda ipite milimita moja mpaka kote kuwe cheupe. Grainda hujaiaga, yaani, umeipunguzia tu kazi.

Fundi_Uarabuni
Niko gatini huku Oman, tunagauji karibu kila siku, na sisi kabla hujawasha kuna mtu anakuja kukagua masikio yako. Kelele yake inapita desibeli 100 kwa urahisi. Weka vizibo ndani ya sikio na vifuniko juu yake, vyote viwili. Mimi sikio la kushoto simu ikilia siisikii, na ni kwa sababu ya miaka niliyofanya kazi nyumbani kabla sijaja huku, nikijifunga kitambaa kichwani nikadhani nimejikinga.

Glasi ya kofia iwe namba 12, ile ya 10 ya kuchomelea geti haitoshi. Aproni ya ngozi, na suruali ifunike buti, usiichomeke ndani, la sivyo buti inageuka kikapu cha cheche. Zile cheche zinaruka mita 10 na zaidi zikiwa bado ni chuma cha maji. Kwenye eskaveta ondoa nyasi, ndoo za grisi na madumu ya dizeli, funika hozi za haidroliki, na uwe na mtu mmoja wa kukaa na maji asiyefanya kitu kingine chochote. Moshi una shaba na manganizi, kaa upande upepo unakotokea.

Nyingine ambayo watu wanaisahau: ethi iume kwenye baketi yenyewe, karibu na unapochimba. Ukiibana kwenye fremu ya mtambo, ampea 400 zinapita kwenye pini na bushi zote kurudi kwako. Na mchomoe betri.

nyundo_kilo2
Nafuta kauli yangu ya ampea 😅

Moto_wa_Lugoba
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Mwenye mtambo alikubali kunipa kompresa ya kutobolea saa za mchana. Nilimwaga maji, yalitoka ya rangi ya chai ya maziwa, karibu nusu ndoo. Kebo nikahamisha kwenye chanya, ampea 380. Nikageuza kichwa cha tochi, na kweli matundu yalikuwa juu. BahariKavu, kumbe ulikuwa unanisema mimi.

Mara ya kwanza kuwasha niliruka nyuma, nilidhani nimeharibu kitu. Ule mlio ni mmoja tu, haukatiki, na slagi inakimbia mbele kama maji ya mfereji. Nilipozima nikakuta mfereji laini, wa mviringo chini, unaweza kupitisha kidole gumba ukipoa. Nikapiga grainda mpaka weupe, nikapitisha tupa kila sentimita. Sehemu mbili iliteleza, nikazichimba tena. Ile adapta iliyopasuka niliing'oa yote nikaanza upya, sikulipisha. Nimepasha moto, nimejaza kwa tabaka nyembamba, nimefunika na gunia la mchanga mkavu zipoe taratibu. Siku ya tano leo, baketi inafanya kazi zamu mbili, hakuna ufa.

Mzee_wa_Tupa
Marahaba, na hongera. Kupoza taratibu hakuna aliyekwambia humu, umelifikiria mwenyewe au kuna mtu kakufundisha? Sasa niambie fimbo zako za 7018 unazihifadhi wapi.

Moto_wa_Lugoba
Aliniambia fundi mmoja wa zamani hapa kijijini, zamani alikuwa mhunzi. Fimbo ziko kwenye boksi lake, boksi limefunguliwa tangu masika.

Mzee_wa_Tupa
Masika! Hizo zimekunywa maji. Kuanika juani hakusaidii, zinataka oveni ya nyuzi 350 kwa saa moja mpaka mbili, au ufungue boksi jipya ulimalize siku hiyohiyo. Zilizobaki chomelea mageti. Hizo adapta zikague kila jioni kwa wiki mbili, hasa pembeni pale mshono unapokutana na chuma cha mdomo, maana ufa wa unyevu unapenda kuanzia pembeni.

MamaKokoto
Fundi, ukimaliza hapo nitumie ujumbe. Baketi yangu inakusubiri, na kompresa ipo.

Moto_wa_Lugoba
Shikamoo mama, nashukuru sana, nitakutafuta. Swali dogo la mwisho kwa wakubwa: vipande vya fimbo vikibaki vifupi mnavitumia mpaka wapi? Naona uchungu kuvitupa.

BahariKavu
Ikibaki sentimita 5 kutoka kwenye tochi, achana nayo. Ukiing'ang'ania moto unapanda unaunguza taya za shaba zinazoshika fimbo. Zipo fimbo zenye tundu upande mmoja na ncha ya kuingia upande wa pili, unaziunganisha hazibakizi kipande, lakini hizo ni za mashine za kujiendesha zaidi.

Moto_wa_Lugoba
Basi nimechelewa. Taya moja imeshayeyuka pembeni, na tochi ni ya kuazima. Nitaipata wapi Dar?

Kijana_Spana
Hii naijua mimi. Nenda Gerezani, pita maduka ya vifaa vya kuchomelea ukiwa umeshika kichwa chenyewe mkononi. Usiende na picha ya simu, watakuuzia kisichoingia.