Kwa nini wafumaji wa Heptonstall waliishi juu kilimani, mbali na mto?

Mwalimu_wa_Kikuyu (Dodoma)
Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha historia katika sekondari moja hapa Dodoma, na kila tunapofika kwenye mapinduzi ya viwanda huwa ninachoka kuitaja Manchester peke yake. Wiki iliyopita niliwaonyesha wanafunzi picha ya Heptonstall, kijiji kidogo cha mawe kilichoko juu ya kilima kaskazini mwa Uingereza, kikiutazama kwa chini mji wa Hebden Bridge. Waliniuliza maswali mawili yaliyonishinda: kwa nini watu walijenga huko juu ilhali mto uko bondeni, na kwa nini ghorofa za juu za nyumba zile zina madirisha yaliyopangwa sako kwa bako? Mmoja alishikilia kwamba walikuwa wakikimbia vita. Naomba msaada wa mwenye kufahamu.

Msoma_Ramani
Mwalimu, huyo wa vita asichekwe, kwa sababu mwaka 1643 wafuasi wa Bunge na wafuasi wa mfalme walipigana papo hapo, ingawa kijiji kilikuwa na umri wa karne kadhaa tayari. Sababu yenyewe ni bonde. Sehemu ya chini ya bonde la mto Calder ilikuwa nyembamba, yenye miti mingi na matope, kwa hiyo njia za farasi wa mizigo zilipita juu penye ukavu, na biashara ikafuata njia.

Ardhi ya huko haikustawisha nafaka nyingine vizuri kama oti, na shamba peke yake halikulisha nyumba. Familia ilifuga ng'ombe mmoja au wawili, ikalima kidogo, na ghorofani ikaweka kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo. Madirisha yale yalikuwa ya kitanda hicho, kwa maana mfumaji hana budi kuuona uzi unapokatika, na mshumaa ni gharama. Wanawake na watoto walichambua sufu na kuisokota, na walihitajika wasokotaji kadhaa ili mfumaji mmoja asikose nyuzi. Nguo iliyokwisha kuoshwa ilivutwa nje kwenye fremu za mbao zenye kulabu, ikauke bila kusinyaa. Jikoni nako mikate myembamba ya oti, laini kama chapati, ilitundikwa kwenye kamba juu ya moto. Soko lilikuwa Halifax, ambako mwaka 1779 lilifunguliwa jengo la Piece Hall lenye vyumba 315 vya kuuzia nguo.

Baadaye mashine zikataka nguvu ya maji, na maji yako chini. Mfereji wa Rochdale ulikamilika mwaka 1804, reli ikapita bondeni mwaka 1841, Hebden Bridge ikakua, na ujira wa mfumaji wa mkono ukaporomoka.

Mzee_wa_Kolo
Nimesoma kwa makini, maana nami ni mtu wa vilimani, Kondoa. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, serikali iliagiza mifugo yote iondolewe kwenye eneo letu lililoliwa na mmomonyoko, na mfugaji aliyebaki bila ng'ombe alilazimika kujifunza maisha upya. Hao wenzetu hawakuondolewa kwa amri. Waliondolewa na bei ya nguo, ambayo sidhani kama ina huruma zaidi. Mwalimu, walinganishie wanafunzi na tembe la Kigogo, ambalo lina matundu madogo tu ukutani kwa sababu kazi za mchana hufanyika uani.

Mwalimu_wa_Kikuyu (Dodoma)
Nashukuru sana, ndugu yangu, nawe mzee wangu shikamoo. Leo niliwaambia wachore nyumba ya mfumaji, na yule wa vita akaweka madirisha pande zote nne. Je, ni sahihi?

Msoma_Ramani
Mara nyingi safu ndefu ilielekezwa kusini, kwa kuwa kule jua la saa sita mchana halivuki kwenda kaskazini hata siku moja. Wanafunzi wako wanaliona likihama upande kufuatana na majira, kwa hiyo hilo itakubidi uwachoree ubaoni kabla hujamkata maksi.