Naomba ushauri: pango la Krismasi mapokezi ya ofisi ya umma

Habari zenu wakuu. Nasimamia mapokezi kwenye ofisi ya umma hapa Tanga. Kila Disemba tunaweka mti wenye taa, hakuna aliyewahi kulalamika. Safari hii wenzangu wameleta pango lenye sanamu za Mariamu, Yosefu na mtoto horini, wakaliweka mezani wananchi wanaposaini daftari. Jana mama mmoja mtu mzima, kavaa baibui, alisimama hatua mbili nyuma akaniomba nimpelekee daftari pale alipo. Hakugomba. Iliniuma sana, mimi Mkristo ambaye Idd nakula pilau kwa majirani.

Katiba yetu, Ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini wa kila mtu. Kule Marekani, mwaka 1989, Mahakama ya Juu ilikataa pango lililowekwa peke yake ndani ya jengo la mahakama mjini Pittsburgh, ila mti uliosimama nje ya jengo jingine la serikali pamoja na menora (kinara cha taa cha Wayahudi) ikauruhusu.

Nilihamishie chumba cha wafanyakazi? Wenzangu niwaambieje wasione nimeidharau imani yetu? Ndugu zangu Waislamu, naomba hasa mnieleze mngejisikiaje pale mezani.