MREJESHO: Hela ya zabibu na skini za Counter-Strike 2

Wakuu, niliwauliza kama hela niliyouza zabibu huku Hombolo niiweke kwenye visu vya Counter-Strike 2, ule mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi; ni skini, yaani mapambo ya silaha za ndani ya mchezo ambayo watu huuziana kwa hela halisi. Ahsanteni sana, hasa mkuu aliyesisitiza nichunguze kwanza pesa inatokaje.

Visu sikununua. Oktoba 2025 Valve, wenye mchezo huo, waliruhusu skini 5 nyekundu, zile za daraja la Covert, zibadilishwe kuwa kisu au glavu; visu vikawa rahisi kupatikana na bei zake zikaporomoka. Watu wameumia kweli, nawapa pole. Mwenye mchezo akibadili sheria, mwenye kisu hana pa kushtaki.

Halafu kuna makato. Kwenye soko la Steam, duka la mtandaoni la Valve, mnunuzi akilipa dola 115, muuzaji anapata 100, na hiyo 100 inakaa kwenye pochi ya Steam, haiji kwenye simu. Kwangu huo si uwekezaji.

Nimechukua skini moja ya bunduki, AK-47 Redline, ya kuchezea tu. Ni Field-Tested, daraja la uchakavu wa 0.15 hadi 0.38 (namba ndogo ndiyo mpya zaidi), yangu iko karibu kabisa na 0.15, mistari myekundu inaonekana safi. Naipenda sana.

Hela iliyobaki nimenunua nguzo na waya za shamba. Mwenye swali la makato aulize, nitamjibu.